Dohani Isiyopona

"Kitendawili," alisema Mama Honoria bila kugeuka.

Sabina alikuwa amepiga magoti mbele ya meko, akikamua tambara ndani ya ndoo. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi, mazito, yakinuka moshi wa zamani. "Tega, mama."

"Mganga wangu kila akija, mgonjwa anazidi."

Jibu Sabina alilijua, na mama yake alijua kwamba analijua, maana jibu lenyewe lilikuwa njiani wakati ule, juu ya baiskeli, na mfuko wa chokaa umefungwa nyuma. Jina lake Colman, fundi mwashi. Hii ilikuwa mara ya tatu kuitwa kutengeneza dohani ya nyumba ile ile.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo, ya mawe, imejikunyata kwenye mteremko kama kuku kwenye upepo. Mbele yake hapakuwa na kitu ila majani, kuta za mawe na bahari. Waliijenga babu zake Thady, baba yake Sabina, na haikuwahi kuvuja mpaka mwaka ule Thady alipofariki. Tangu hapo, kila mvua ilipotoka baharini, na pande zile mvua hutoka baharini karibu kila siku ya Mungu, maji yaliteremka ndani ya dohani, yakachora ukuta mistari ya hudhurungi, kisha yakadondokea moto wa udongo mweusi wa bwawani, ambao pande zile hukaushwa ukawashwa badala ya kuni. Tsss. Tsss. Kama mtu anayekusonya ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Mama Honoria alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa asubuhi ile kama alivyoyatoa majira yote ya baridi. Fundi yule anaiacha ivuje makusudi. Ama ni mwizi, anataka kuitwa tena na tena. Ama ni mwanamume, anataka kumtazama Sabina tena na tena. Kwake yeye hayo mawili hayakupishana sana.

"Baba yake alizunguka parokia hii mpaka ile na mwiko mfukoni, hana hata kiwanja cha kufungia mbuzi," alisema. "Leo mtoto anazunguka vilevile. Unataka kulala juu ya mfuko wa chokaa?"

"Nani kasema nataka kulala popote, mama?"

"Basi mwambie Fintan ndiyo, tumalize."

Fintan alikuwa jirani yao wa upande wa barabarani, mtu wa ng'ombe, mpole, kofia yake haina doa. Jumapili baada ya Misa alimsimamisha Sabina nje ya kanisa, akasema lake kwa maneno machache ya heshima. Sabina alipokuwa bado anatafuta pa kuyaweka macho yake, mama yake akadakia kwamba Fintan aje Alhamisi mchana kuchukua jibu. Alhamisi ndiyo ilikuwa leo.

Nyumba ya Fintan ilikuwa mpya. Haikuwa na dohani hata moja. Joto lilipita kwenye mabomba, na kuta zilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Sabina hakuwa na neno baya juu ya Fintan, na hilo ndilo lililomchanganya. Angekuwa mlevi, au mchoyo, au mtu wa kupiga mbwa wake, mambo yangekuwa mepesi. Lakini mtu mwema unamkataa kwa sababu gani? Utasema nini watu wakikuuliza?

Na lilikuwapo jingine, baya zaidi, ambalo hakumwambia mtu. Kila alipoamka akasikia tone la maji, moyo wake ulifurahi kabla akili haijapata nafasi ya kuukemea. Mtoto gani huyo anayefurahi nyumba ya mama yake ikivuja?

Colman alipofika, Mama Honoria hakumpa chai. Nchi ile unaweza kumnunia mtu, unaweza kumpeleka kwa hakimu, lakini kumwacha fundi apande paani bila chai ni tusi lisilohitaji maneno. Colman alisimama mlangoni na kofia mkononi, akalitazama birika lililopoa, akaelewa. Alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, nyusi zake zimeshika vumbi jeupe hata kabla kazi haijaanza, na macho yake ya kijivu yalimtazama Sabina, yakaitazama ndoo, yakarudi kwa Sabina kana kwamba yamesahau kitu pale.

"Imeanza tena," alisema.

"Iliacha lini?" alijibu Mama Honoria.

Sabina alimsikiliza vizuri yule fundi. Hakusema kama mtu aliyeshangaa. Alisema kama mtu aliyekuwa anaingoja habari ile, na jambo hilo likamkaa Sabina vibaya kifuani.

Moto ulikuwa umezimwa tangu alfajiri ili dohani ipoe. Mama Honoria alitandika gunia mbele ya meko kupokea masizi, akavuta kigoda akaketi pale pale kulilinda, kisha akatoa amri yake. Magoti yake hayapandi ngazi. Kwa hiyo leo Sabina atapanda, aone kwa macho yake huyu bwana anafanya nini huko juu, ashuke amwambie.

Colman alifungua kinywa. Alisema vigae vina utelezi. Mama Honoria akamjibu kwamba kama vinateleza kwa Sabina basi vinateleza kwake pia, na mbona yeye hakuna aliyemkataza.

Ndivyo Sabina alivyopanda juu ya paa la nyumba aliyozaliwa, kwa mara ya kwanza, na sketi yake na buti za marehemu baba yake. Colman alitangulia. Kwenye kipeo cha paa alimnyooshea mkono, Sabina akaushika, akavutwa juu, na upepo wa bahari ukamgonga usoni. Walisimama hivyo. Colman alisahau kuurudisha mkono wake.

Vuli iliyopita, alipokuwa anafunga mfuko wake aondoke, Colman alimwachia Sabina kitendawili. Kipo nyumbani kwenu. Kikishiba kinakohoa, kikiwa na njaa kinalia. Akapanda baiskeli yake akaenda zake. Sabina alikibeba kile kitendawili majira yote ya baridi. Siku nyingine aliona jibu ni dohani. Siku nyingine aliona ni moyo. Siku moja akiwa anamenya viazi aliona jibu ni yeye mwenyewe, akajikata kidole.

"Ni dohani," alisema sasa, pumzi zinamwenda mbio. "Kile kitendawili chako. Ikila moto inatoa moshi, moto ukiisha inatoa machozi."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Ulitaka iwe nini?"

Sabina aliuvuta mkono wake, akasema kwamba hakutaka iwe kitu chochote. Ndipo alipogundua namna Colman alivyosimama. Alikuwa ameipa dohani mgongo, mabega yametanuka, kama mtu aliyesimama mlangoni asitake uone kilichomo ndani.

Alimwomba apishe. Colman alisema mawe ya upande ule yamelegea. Sabina akamwambia kwamba ametumwa kuangalia, na ataangalia, akajishikilia kwenye pembe ya dohani akachungulia upande wa pili.

Mawe ya nyumba nzima yalikuwa yameunganishwa kwa chokaa ya zamani, nyeupe, laini. Dohani peke yake ilikuwa imevikwa koti la saruji, nene, la kijivu, kutoka mabegani mpaka mdomoni. Na katikati ya lile koti, upande unaotazama bahari, palikuwa na alama ya mkono wa mtu. Kiganja kipana. Kidole cha shahada kimepinda kidogo pale ambapo mlango wa zizi ulikivunja miaka mingi nyuma.

Sabina aliujua mkono ule. Alikumbuka ile wiki ya jua, baba yake akiwa juu ya paa peke yake, amekataa msaada wa kila mtu. Alikumbuka alivyowaita uani waje waone alipomaliza, akainua mkono wake wa kijivu juu kama padri anayebariki. Baridi ilipoanza alilala kitandani, hakuamka tena. Kwamba aliuacha mkono ule pale juu, Sabina hakujua.

Nyufa nyembamba, nyembamba kama nywele, zilipita kwenye saruji. Moja ilikuwa imekatiza kiganja.

"Mawe haya na chokaa yake yanapumua," Colman alisema polepole. "Yakinywa mvua, upepo unayakausha, na moto wa chini unayakausha. Saruji haipumui. Ikishapata ufa maji yanaingia, na yakiingia hayana pa kutokea isipokuwa chini, kwenye meko yenu. Mimi nilikuwa naziba nyufa."

"Na dawa yake?"

"Kuibandua yote. Kupiga chokaa upya."

"Umejua lini?"

Hakutafuta pa kujificha. "Siku ya kwanza."

Sabina alihisi paa limesogea chini ya buti zake, ingawa paa halikusogea. Majira yote ya baridi alikuwa anamtetea mtu huyu mezani. Alibishana na mama yake mpaka viazi vikapoa. Alisema Colman si mwongo, anamjua. Kumbe anamjua kwa lipi?

"Kwa hiyo mama yangu anasema kweli."

"Anasema kweli. Niliziba nikijua zitafunguka."

"Kwa nini?"

Colman aliutazama ule mkono. Pande zile kazi ya marehemu haisemwi. Ukuta wake ukianguka, watu husema ni upepo. Ng'ombe wake akikonda, husema ni majani ya mwaka huu. "Ningeshuka nikamwambie nini?" alisema. "Mjane ameketi pale, nguo yake nyeusi hata haijachujuka, nimwambie kazi ya mwisho ya mumewe ndiyo inayomlowesha? Afadhali aniite mwizi. Jina langu litakauka."

Yalikuwa maneno mazuri. Sabina aliyasikia kwamba ni mazuri, na yakamkasirisha zaidi kwa sababu hiyo.

"Mama amekohoa majira mawili ya baridi, Colman. Huo nao ni wema?"

Colman alijipangusa uso, vumbi la nyusi likamshuka shavuni. Alipozungumza tena, hakumtazama.

"Mara ya kwanza nilinyamaza kwa ajili ya baba yako. Hilo nina hakika nalo. Mara ya pili ulinifungulia mlango wewe, una unga mikononi, ukaniambia nisikanyage ulipopiga deki. Tangu hapo sijui nanyamaza kwa ajili ya nani."

Jamani, moyo ni mnyama gani huu? Sabina alitaka kumpiga kofi, na mkono ule ule uliotaka kumpiga kofi ulitaka kumfuta lile vumbi. Alitaka ashuke ngazi asimwone tena. Alitaka arudie lile neno la mwisho, taratibu, alisikie vizuri. Alikuwa hajachagua kati ya hayo yote pale sauti iliposikika.

"Mkono upo bado?"

Haikutoka uani. Ilitoka ndani ya dohani yenyewe, nzito, yenye mwangwi, kana kwamba mawe yameota ulimi. Wote wawili waliganda. Moto ulikuwa umezimwa, Mama Honoria ameketi chini pale na gunia lake, na njia inayopandisha moshi huteremsha maneno vilevile. Alikuwa amesikia yote.

Colman akawa mweupe kuliko chokaa yake. Sabina aliinama kwenye mdomo wa dohani.

"Upo, mama."

"Vidole vyote?"

"Vyote. Ufa umepita kwenye kiganja."

Kunguru mmoja alipita, akaona watu, akabadili njia.

"Nilimwambia," sauti ilisema. "Nilimwambia, Thady, babu zako walipiga chokaa, na wewe piga chokaa. Akasema chokaa ni mambo ya wazee, Galway mjini sasa wanauza saruji. Nikasema haya. Akashuka akaniambia ameacha alama ya mkono wake huko juu. Mvua ya kwanza ilipoingia alikuwa kitandani, hawezi hata kugeuka. Akaniuliza, Honoria, panavuja? Nikamwambia pakavu. Pakavu kabisa, Thady."

Sabina aliuegemeza uso wake kwenye mawe. "Kumbe ulijua, mama."

"Nilijua nisichotaka kukijua. Ilibidi awepo wa kulaumiwa, na huyu alikuja na baiskeli yake. Msinihubirie, nyie wawili." Kikohozi kilipanda dohani yote, kikaishia. "Fundi."

"Naam, mama."

"Bandua."

"Yote?"

"Yote. Mume wangu hakuwa saruji." Kisha, kwa ile sauti yake ya kila siku: "Na hayo mengine mliyosema huko juu, mimi sijayasikia."

Walitazamana. Huenda wangecheka, huenda Sabina angelia, lakini lango la uani lililia kabla yao. Fintan alikuwa anaingia na kofia yake isiyo na doa, mkononi kikapu cha mayai kilichofunikwa kitambaa.

Kutoka juu Sabina alimwona mama yake akitoka kumpokea, akimkaribisha chai, na Fintan akikataa mara ya kwanza kama adabu inavyotaka. Walizungumza habari za mvua. Mama Honoria alimkaribisha tena, naye akakataa tena, halafu wote wawili wakainua nyuso zao kuelekea paani.

"Sabina," mama yake aliita. "Shuka. Mgeni wako amefika."

Sabina aliitazama ile kofia. Aliifikiria nyumba kavu, mabomba ya joto, mtu mpole ambaye hangempa sababu ya kulia hata siku moja. Alitafuta ndani yake chuki, asiione. Alitafuta mapenzi, akaona heshima. Angeweza kushuka akasema ndiyo kwa sauti nzuri, na Fintan angeamini, na wangezeeka pamoja akiamini. Ingekuwa ni kumwambia pakavu.

"Bwana Fintan," alisema, na upepo ukalibeba neno mpaka chini, "unisamehe nakujibu nikiwa juu ya paa. Jibu langu ni hapana. Wewe huna kosa lolote."

Fintan alivua kofia. Aliishika kidogo mbele ya kifua, akaivaa tena. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo, macho yake yakafika kwenye ngazi. Mguu mmoja wa ngazi ulikuwa umekaa juu ya jiwe linalocheza. Aliweka kikapu chini, akaokota jiwe bapa, akalipenyeza, akaitikisa ngazi mpaka akaridhika nayo.

"Angalieni mkishuka," alisema.

Mama Honoria alimkaribisha chai mara ya tatu, na mara hii alikubali. Lakini kabla ya kuingia ndani alimtazama binti yake muda mrefu, kwa uso ambao Sabina hakuweza kuusoma. Kama ni hasira, ilikuwa imechoka. Kama ni nafuu, ilikuwa inaona haya. Kisha akamfuata mgeni wake.

Colman alingoja mlango ufungwe.

"Umemkataa kwa ajili yangu?"

"Sijui."

"Sabina."

"Sijui, Colman. Nimemkataa, hilo nalijua. La kwako bado sijalijua. Nimekukasirikia sana." Akapitisha kidole kwenye ufa. "Siku nyingine ukijua kitu, uniambie. Hata kama kina mkono wa baba yangu juu yake."

"Nitakwambia."

"Anza sasa."

Colman alifikiri. Ilionekana kwamba anafikiri kweli, kama mtu anayepima jiwe kabla ya kulipanga. "Chokaa ikishika vizuri," alisema, "haitavuja tena. Nikimaliza kazi hii sitakuwa na sababu ya kurudi hapa. Naogopa kuimaliza."

Sabina alilisikia. Majibu yalimjia mengi pamoja, yakabanana. Alinyoosha mkono akaomba tindo na nyundo.

"Hii si kazi yako."

"Mkono ni wa baba yangu."

Alimpa. Sabina aliweka ncha ya tindo kwenye ufa, pembeni mwa kiganja, akajaribu kusimama sawasawa. Mteremko ulimvuta, upepo ukaingia kwenye sketi, buti moja ikateleza upana wa kidole.

"Nishike, nisianguke," alisema.

"Nikushike wapi?"

"Fundi mzima unaniuliza mimi?"

Colman aliweka mwiko wake chini. Akamshika kiuno kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama anayeshika ukuta ambao chokaa yake bado mbichi. Sabina hakugeuka. Akainua nyundo, akapiga.